Ukungu wa Hewani na Uyoga wa Chunguni



 Ndugu zangu wasomaji, leo nataka tuzungumze juu ya maradhi ambayo historia yake ni ndefu kuliko nilivyodhani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani bila ya kosa hilo nisingeitafuta historia hii.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika. Wakazi wa Kasese hawahitaji kukumbushwa. Maji yalishuka kutoka milima ya Rwenzori, yakapita Kilembe yakibeba mawe na magogo, yakaingia majumbani. Chumba chetu cha madrasa nacho kiliingiwa. Tulitoa tope, tukaanika mikeka siku mbili tatu, tukaendelea na masomo. Ukuta wa nyuma ulibaki na alama ya maji kiasi cha goti, na baada ya wiki chache pakaota madoa meusi na mengine ya kijani. Hatukuyajali. Nani atajali madoa ya ukuta wakati majirani wamepoteza nyumba?

Palikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa hivi. Mtoto mwenye akili, lakini kila tukikaa kusoma baada ya Magharibi, hasa mvua ikinyesha, alianza kukohoa, kisha kifua kinapiga filimbi, kisha anaomba ruhusa ya kutoka nje. Akitoka anapata nafuu. Nami nikaona huu ni mchezo: ndani mgonjwa, nje mzima! Nikamwambia anakimbia kuhifadhi. Siku moja nikamkalisha nyuma kabisa, mgongo ukutani, karibu na mikeka iliyokunjwa, mbali na mlango, ili asitoroke. Alikaa. Hakulia. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega. Mpaka leo nikikumbuka yale mabega naona haya.

Mtaani wakasema mengine. Wapo waliosema mtoto ana jini asiyependa Qur'ani ndiyo maana anakabwa darsani, na wapo waliomtazama vibaya bibi mmoja jirani. Mama yake alichoka na maneno, likizo ilipofika akampeleka kwa mjomba wake aliyekuwa na kazi Mweya.

Kwa wasiopajua, Mweya ni rasi ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, pale mfereji wa Kazinga unapokutana na ziwa Edward. Si mbali na kwetu, lakini hewa yake ni nyingine. Sisi tuko miguuni mwa mlima, mvua haituachi. Mweya ni pakavu, jua kali na majani mafupi. Mtoto alikaa kule majuma matatu. Hakukohoa hata siku moja. Alicheza mpira na watoto wa wafanyakazi mpaka jioni.

Sasa sikilizeni lililotokea. Usiku mmoja mke wa mjomba alipika uyoga mkavu alionunua soko la Bwera, akauunga kwa karanga. Mtoto alikuwa hajala uyoga siku nyingi. Hakumaliza hata nusu ya sahani. Alisema midomo inamwasha, ikavimba, sauti ikakwama, na ile filimbi ya kifuani, ambayo Mweya walikuwa hawajaisikia, ikaanza. Walimbeba kwenye gari usiku ule ule hadi hospitali, akadungwa sindano, na kwa rehema za Allah akapumua. Daktari alimuuliza mjomba swali ambalo lilimshangaza: "Huyu ana pumu? Na nyumbani kwao kuna ukungu ukutani?"

Mjomba aliponihadithia, hata mimi nilishangaa. Mtoto amekula uyoga; ukuta unahusikaje?

NENO MOJA

Kiswahili chetu kilikuwa kinaniambia jibu nami sisikii. Sisi husema ukungu kwa ile hali ya asubuhi inayoufunika mlima usionekane, na husema ukungu kwa ile rangi ya kijani inayoota juu ya mkate. Neno ni moja kwa sababu macho yameona kitu kimoja: kifuniko chepesi kinacholetwa na unyevu. Na kweli vitu hivi viwili husafiri pamoja.

Ukungu wa mkate ni kuvu. Uyoga ni kuvu. Hata hamira tunayoumulia mandazi ni kuvu, ila yenyewe ni ndogo mno kuonekana moja moja. Zamani wataalamu waliziweka pamoja na mimea kwa kuwa haziendi mahali. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Whittaker, alipendekeza viumbe vigawanywe katika falme tano, na kuvu zikapata ufalme wao peke yao. Basi uyoga haukuwa ndugu wa mchicha tena. Ndugu yake ni yale madoa ya ukutani.

Kuvu huzaana kwa chembe ziitwazo spora. Ni ndogo kuliko vumbi unaloliona kwenye mwale wa jua, na zinapeperuka kwa maelfu. Zinaingia puani, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Wengi wetu tunazivuta kila siku tusijue. Lakini wapo ambao miili yao huziona ni adui.

TABIBU WA RAYY NA TABIBU WA MISRI

Jambo la kwanza watu walipaswa kuligundua ni hili: kwamba kitu kisicho sumu, kinachowafaa wengine, kinaweza kumdhuru mtu mmoja tu. Si jambo jepesi kulikubali. Hapa ndugu zetu wa zamani wana nafasi yao.

Muhammad bin Zakariyya al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy karibu na Tehran ya leo, aliyeishi takriban mwaka 865 hadi 925, aliandika risala fupi juu ya mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi. Huyu Abu Zayd kila msimu wa machipuko, akinusa waridi, pua zake zilichuruzika na kichwa kikamwelemea. Waridi! Ua ambalo watu wote walilinusa kwa raha. Al-Razi hakusema rafiki yake anajifanya, wala hakusema amerogwa. Aliuliza kwa nini, akaandika. Si kuvu ile, ni maua, lakini njia ya kufikiri ndiyo ile ile tunayoihitaji: kumtazama mgonjwa, kutazama msimu, kutazama kilichomkaribia pua.

Baada yake alikuja Musa bin Maymun, Myahudi aliyezaliwa Qurtuba katika Andalus na kufa Misri mwaka 1204, tabibu wa watu wa baraza la Ayyubiyya. Aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya pumu, kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa watu wakubwa. Alizungumzia chakula, usingizi na hasira, na akaipa hewa nafasi ya peke yake. Alilinganisha hewa ya miji iliyobanana na hewa safi ya uwandani na jangwani, akamtaka mwenye kifua aangalie kwanza anaishi wapi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mtoto na majuma yake matatu ya Mweya. Karne nane kabla yetu jambo hili lilishaandikwa, nami mwalimu nilikuwa nimemgandamiza mtoto ukutani.

Lakini hakuna kati yao aliyejua kilichomo ndani ya hewa. Kwa hilo watu walingoja sana.

MTU ALIYENUSA UKUNGU KWA MAKUSUDI

Mwingereza John Floyer, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu na alitoa kitabu juu yake mwaka 1698, baadaye alieleza wagonjwa waliobanwa vibaya kifua baada ya kutembelea ghala la mvinyo unaochachuka. Sisi maghala hayo hatuna haja nayo, ila kwa historia ni habari ya thamani: pango lenye unyevu, mapipa, ukungu, na mtu anayekabwa. Floyer aliona akaandika, hakujua sababu.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Charles Blackley, daktari wa Manchester, ambaye kila mwaka alipiga chafya na kutokwa machozi wakati wa kukata majani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Alijifanyia majaribio mwenyewe mwaka baada ya mwaka. Alirusha tiara zenye vioo vilivyopakwa kitu cha kunata apate kujua ni vumbi gani la maua linalopaa juu. Na alichukua majani makavu ya ngano, akayalowesha, akayaacha yaote ukungu, kisha akauvuta kwa pua. Kifua kikambana, sauti ikamkauka karibu imtoke kabisa. Jaribio hilo hakutaka kulirudia. Vumbi la maua alilivuta mara nyingi, lakini ukungu, basi.

Jina lenyewe, aleji, ambalo wengi wetu siku hizi tunaita mzio, lilitungwa na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Mwaka 1924 daktari Cadham wa Canada alieleza wakulima waliopata pumu kutokana na kutu ya ngano, ambayo nayo ni kuvu, na mwaka huo huo Storm van Leeuwen wa Uholanzi alikuwa akiuhusisha ukungu wa nyumba zenye unyevu na pumu ya wagonjwa wake.

Kutoka hapo kuna kisa ambacho nawasimulia wanafunzi wangu wakubwa kila nikipata nafasi. Katika hospitali ya St Mary's, London, alikuwepo daktari John Freeman, ambaye tangu mwaka 1911 yeye na mwenzake Leonard Noon walikuwa wakitibu mzio wa maua kwa kuwadunga wagonjwa kiasi kidogo kidogo cha kile kinachowadhuru. Freeman alitaka kufanya hivyo kwa ukungu pia. Akamleta mtaalamu wa kuvu, La Touche, akusanye ukungu kutoka nyumba za wagonjwa wa pumu wa London na kuuotesha maabara. Chumba cha La Touche kilikuwa chini ya chumba cha Alexander Fleming. Mwezi Septemba 1928 Fleming alirudi kutoka likizo akakuta sahani yake moja ya bakteria imeota ukungu, na kando ya ukungu bakteria wamekufa. Huo ndio mwanzo wa penisilini, na inaaminika kwamba spora ile ilipanda kutoka chumba cha chini. Basi dawa iliyookoa mamilioni huenda ilitokana na kazi ya kuwatafutia nafuu watu wenye pumu ya ukungu.

(Tusichanganye: mwenye mzio wa ukungu si lazima awe na mzio wa penisilini, na mwenye mzio wa penisilini si lazima adhurike na ukungu. Ni mambo mawili. Mzazi asimkatalie mtoto sindano kwa kusoma makala hii.)

Mwaka 1966 mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver huko Marekani, waliipata ile kingamwili inayobeba mzio, na watafiti wa Sweden waliipata kwa njia yao wakati huo huo. Ikaitwa IgE. Mfano wake ni mlinzi wa mlangoni aliyekabidhiwa sura ya mwizi mmoja. Anamsubiri. Akimwona tu, anapiga kengele, na mwili unavimba, unachuruzika, unabana njia za hewa. Tatizo la mlinzi huyu ni kwamba anajua sura tu. Akija mtu mwema mwenye sura inayofanana, kengele inalia vile vile.

MWIZI NA NDUGU YAKE

Hapa ndipo tunafika kwenye swali la mjomba.

Mwaka 1942 madaktari wawili wa Marekani, Tuft na Blumenstein, walieleza watu wenye mzio wa hewani ambao wakila matunda mabichi fulani midomo na koo huwasha. Polepole ikafahamika kwamba vumbi la mti mmoja na tunda la mti mwingine vinaweza kuwa na protini zinazofanana, na mlinzi hawezi kuzitofautisha. Kwa kuvu ushahidi ulichelewa, na ulitokea mahali pasipotarajiwa.

Miaka ya 1960 watu walihofia kwamba dunia itakosa nyama na protini. Huko Uingereza, kampuni moja ilichunguza udongo wa sehemu mbalimbali ikitafuta kiumbe kidogo kinachoweza kugeuza wanga kuwa chakula. Katika udongo wa Marlow, mwaka 1967, walipata kuvu ya jamii ya Fusarium. Waliikuza ndani ya mapipa marefu, wakaishikanisha kwa ute wa yai, na mwaka 1985 ikaanza kuuzwa kwa jina la Quorn, badala ya nyama. Sijawahi kuiona Kasese. Watu wengi wameila bila tatizo lolote. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari ya mgonjwa mwenye mzio wa ukungu wa hewani aliyekula chakula hiki akapatwa na mzio wa papo hapo. Walitafuta ni nini ndani yake kilichomdhuru, wakakuta ni protini iitwayo P2, iliyo ndani ya raibosomu, yaani ile karakana ya seli inayotengeneza protini. Kila kiumbe kina karakana hiyo, na P2 ya kuvu mbalimbali zinafanana sana. Cladosporium na Alternaria, ambazo ni miongoni mwa kuvu zinazojaa sana hewani, zina P2 iliyo karibu mno na ile ya kwenye sahani. Mlinzi alimjua mwizi kwa kumvuta puani, kisha akamkamata ndugu yake mezani.

Mwaka 2017, baada ya kesi mahakamani huko Marekani, ilikubaliwa kwamba pakiti za chakula hicho ziandikwe wazi kuwa kimetokana na aina ya ukungu. Kwa maoni yangu hilo lilichelewa. Mtu mwenye kifua ana haki ya kujua anachokula kabla hajakila.

Uyoga nao umechunguzwa. Yako maelezo ya wagonjwa ambao mzio wao ulianza kwa kuvu za hewani, kisha wakaja kudhurika kwa kula uyoga. Nasisitiza kwamba si wengi. Mwenye pumu ya ukungu kwa kawaida anakula uyoga na mkate wa hamira na hapati lolote, na mimi sitaki makala hii igeuke kuwa orodha mpya ya haramu ambayo Allah (s.w.) hakuiweka. Lakini wachache hao wapo, na mmoja alikuwa kwenye mkeka wangu.

Au pengine alikuwepo. Niwe mkweli: daktari yule hakusema kwa yakini. Karanga zilikuwemo chunguni, na karanga zinajulikana kwa mzio kuliko uyoga. Ila mtoto alikuwa akila karanga karibu kila siku na anazila mpaka leo. Na uyoga mkavu uliohifadhiwa vibaya huota ukungu wenyewe, kwa hiyo yawezekana alikula vyote viwili. Kipimo cha ngozi, wanapochoma kidogo na kuweka tone la kila kitu kinachoshukiwa, wakati ule hatukukipata karibu.

UKUNGU WENYE SUMU NI JAMBO JINGINE

Nimeona watu wakisikia habari hizi husema, "Alhamdulillahi mimi sina aleji, basi mahindi yangu yenye ukungu nitakula." Hapana, ndugu yangu! Mzio huchagua mtu. Sumu haichagui.

Na Uganda yetu imo katika historia ya sumu hiyo. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana. Chanzo kilikuwa chakula cha mifugo chenye karanga kutoka Brazil. Watafiti walipoendelea kutafuta katika karanga za nchi nyingine, mwaka 1961 walipata kuvu inayotoa sumu hiyo, Aspergillus flavus, katika karanga zilizotoka Uganda. Kutokana na jina la kuvu hiyo sumu ikaitwa aflatoksini. Baadaye, mwaka 1966 na 1967, vilikusanywa vyakula 480 kutoka ghala za watu sehemu mbalimbali za Uganda, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba karibu 30 katika kila 100 vilikuwa na aflatoksini, katika uchunguzi wa saratani ya ini. Na majirani zetu Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyooza na 125 wakafa, wengi wao upande wa Makueni na Kitui. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi na karanga zikauke vizuri, na zilizoota zitupwe, hata kama roho inauma.

WANAOLIMA UYOGA

Kuna kundi jingine nisingependa kulisahau, hasa kwa kuwa wengi wao ni mama zetu. Miaka ya karibuni vikundi vya kina mama nchini mwetu vinalima uyoga kwa mifuko, ndani ya vibanda vya giza, wakitumia maganda ya mbegu za pamba yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya mapipa. Kasese ni nchi ya pamba, maganda yapo. Ni kazi ya halali na yenye faida. Lakini uyoga ukiachwa ukomae sana humwaga spora kama unga, kibanda kikajaa, na mwenye kuvuna anazivuta. Tangu mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza maradhi ya mapafu ya wafanyakazi wa mashamba ya uyoga: homa, kikohozi na kifua kubana saa chache baada ya kazi, yanayopungua mtu akikaa nyumbani na kurudi akirudi kazini. Basi hapo uyoga wa chungu na ukungu wa hewa ni kitu kimoja kabisa, ndani ya kibanda kimoja. Vuna kabla kofia ya uyoga haijafunguka ikalala, funga pua na mdomo kwa barakoa, fungua mlango hewa iingie. Na mwenye pumu apewe kazi ya kuuza, si ya kuvuna.

Huko Kampala watafiti wa Makerere nao wamewapima wagonjwa wa pumu na kukuta si wachache ambao miili yao inaitikia kuvu ya jamii ya Aspergillus. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni maradhi ya wazungu.

KAM'A NA KENGE

Baadhi ya wanafunzi waliniuliza: Ustadh, uyoga umesifiwa katika hadithi, utamdhuruje Muislamu? Wanakusudia ile iliyopokewa na Said bin Zayd (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) ametaja kwamba kam'a inatokana na manna na kwamba maji yake yanafaa kwa jicho. Kwanza, kam'a ni ile inayoota chini ya mchanga wa jangwani baada ya mvua, isiyo na kofia wala shina. Wafasiri wetu huiita uyoga kwa kukosa neno, na kweli ni kuvu, lakini si uyoga wa kichuguu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), ameizungumzia kwa urefu kama tabibu anavyozungumza, faida zake na madhara yake, na hakuona kwamba kutaja madhara kunapingana na hadithi.

Pili, kumbukeni kisa cha yule mnyama wa jangwani anayefanana na kenge, aliyeletwa mezani nyumbani kwa Bibi Maymuna (r.a.). Mtume (s.a.w.) hakula, akaeleza kwamba hakuwapo katika nchi ya watu wake na nafsi yake haikumtaka. Khalid bin Walid (r.a.) akala mbele yake, wala hakukatazwa. Chakula kimoja, sahani moja, mmoja amekula na mmoja ameacha, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Sasa sisi mtoto akisema uyoga unamwasha kooni tunamwambia "kula, unadeka", na tunamsimamia mpaka amalize.

Mtoto akila kitu kisha midomo au ulimi ukavimba, sauti ikabadilika, akaanza kutapika au kupiga filimbi kifuani, huo si wakati wa kutafuta maziwa wala maji ya kusomewa. Pelekeni hospitali saa hiyo hiyo, dua isomwe njiani. Daktari mwambieni vyote alivyokula, hata kiungo, na mwambieni kama nyumba ina ukungu, hata asipouliza.

Kuhusu madrasa yetu: tulibomoa lipu ya ule ukuta mpaka kwenye matofali, tukaacha ukauke kiangazi kizima, tukafungua dirisha mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Mikeka sasa inaanikwa kila Ijumaa asubuhi, na ile iliyokuwa imeoza tuliichoma. Mei 2020 Nyamwamba ilifurika tena, vibaya kuliko mwanzo kwa wengi, na safari ile kabla ya kurudisha watoto ndani tulingoja ukuta, tukasomea chini ya mwembe.

Yule mtoto alirudi kutoka Mweya akiwa na dawa yake ya kuvuta. Nilimwita mbele ya mama yake nikamwomba msamaha. Alinitazama kidogo akaniuliza, "Ustadh, kwa hiyo naweza kukaa mlangoni?" Alikaa mlangoni mpaka alipomaliza juzuu yake ya tano. Uyoga hali.